Nani Kashika Ngazi? Matumaini ya Mhamiaji katika The Promised Land

Katika semina moja ya fasihi linganishi muhula huu tulibishana, tena si kidogo. Kitabu kilikuwa The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi, tawasifu ya Mary Antin iliyochapishwa Marekani mwaka 1912. Wenzangu wengi walikihukumu kwa neno moja tu: kasumba. Eti mwandishi ni kibaraka wa ubepari, anaisifu Marekani kama mgeni anayesifu pilau kabla hajalionja. Mimi nilikitetea, nikashindwa, maana siku ile sikuwa nimejipanga. Leo naomba nafasi ya kujibu. Nakiri mapema kwamba wenzangu hawakukosea kabisa. Kasoro waliiona, ila waliitafuta pasipo.

Kwanza tuangalie mwandishi anatoka wapi. Antin alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Polotsk, uliokuwa ndani ya dola ya Urusi na ambao leo uko Belarus. Alikuwa Myahudi. Sheria za dola hiyo ziliwabana Wayahudi wengi waishi katika majimbo maalumu tu, na nafasi zao katika shule za serikali zilikuwa za kuhesabu. Baba yake alitangulia Marekani mwaka 1891. Mama na watoto wakamfuata Boston mwaka 1894. Sasa mtu wa namna hiyo akifika mahali akaambiwa shule ni bure, ingia, mnataka asifurahi? Matumaini yake yana msingi katika hali halisi ya maisha. Mhakiki anayejiita mfuasi wa uhalisia hana budi kuuona msingi huo.

Pili, tusisahau hadhira. Wakati Antin anaandika, Wamarekani wengi walikuwa wanadai mlango ufungwe. Mwaka 1914 alitoa kitabu kingine, They Who Knock at Our Gates, kuwatetea wahamiaji waziwazi. Mlango ukafungwa hata hivyo: sheria ya mwaka 1924 ilipunguza mno idadi ya watu kutoka Ulaya ya Mashariki na ya Kusini. Kwa hiyo sifa zile zilikuwa pia ombi. Anayebisha hodi hamtukani mwenye nyumba.

Lakini twende kwenye kiini cha kitabu. Baba anawapeleka watoto shuleni siku ya kwanza, yeye mwenyewe. Baba huyu hajafanikiwa. Biashara yake ya vinywaji ufukweni haikudumu, na Kiingereza kinampiga chenga. Hata hivyo anamkabidhi mwalimu karatasi za watoto kwa heshima kubwa, kana kwamba anatoa sadaka, na kwa mwandishi hiyo ndiyo saa baba yake alipoifanya Marekani kuwa yake. Nani atasoma sehemu hiyo asiguswe?

Sasa hesabuni waliomo katika msafara ule. Mary yumo. Wadogo zake wamo. Dada yao mkubwa, Frieda, hayumo. Frieda kapelekwa kazini, kushona nguo. Asubuhi ile ya Septemba dada hawa wawili walisimama kidogo mlangoni pa nyumba yao ya kupanga, kisha mmoja akakimbilia darasani kwa furaha na mwingine akaenda kwenye kazi ya kila siku. Walitoka tumbo moja na kusafiri pamoja, na umri wao haukupishana sana. Mlangoni pale njia zikaachana.

Wenzangu waliosema kasumba hawakuitaja sehemu hii hata mara moja. Kumbe mwandishi ameiandika mwenyewe, wala hakuificha. Kwa maoni yangu kasoro iko katika fani. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unamfuata anayekimbia. Hauwezi kugeuka ukakaa na anayeshona. Baada ya mlango ule kitabu kinapanda na Mary, darasa kwa darasa, na Frieda anabaki nyuma kama kituo ambacho basi limekwisha kukipita. Na tawasifu ya mafanikio itaandikwa na nani kama si yule aliyepelekwa kujifunza kuandika?

Kuna waliosema tusome badala yake The Rise of David Levinsky ya Abraham Cahan, ya mwaka 1917. Levinsky anafika New York na senti nne, anaishia na zaidi ya dola milioni mbili na moyo mtupu. Ni riwaya nzuri, sibishi. Lakini huzuni yake kubwa ni juu ya nafsi yake mwenyewe. Swali linabaki lile lile: je, aliyepanda amepata raha? Mimi nauliza: wakati anapanda, nani alikuwa ameishika ngazi?

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii inatufariji kwa sababu inadhani anayechuma na anayekula ni mtu yule yule. Katika familia ya Antin mmoja alichuma, mwingine akala.

Siyasemi haya nikiwa nimekaa pembeni. Dada yangu aliishia darasa la saba. Mimi nilipoanza sekondari yeye alianza kukaanga vitumbua stendi, na ada yangu ilitoka kwenye karai lile. Nyumbani husema, "Mwanetu kafika chuo kikuu," na yeye hushangilia kuliko wote. Sikuwahi kumwuliza kama naye alitaka kusoma. Nadhani niliogopa jibu.

Kwa hiyo bado nakitetea kitabu hiki. Ndugu zangu, matumaini ya Mary Antin si uongo. Ni kweli iliyosimuliwa na upande mmoja. Tukikisoma tena, tusianze na bendera wala ubepari. Tuanze pale mlangoni, tukamtazame Frieda mpaka apotee machoni, halafu ndipo tumfuate Mary shuleni.