Pitia Pembeni

Alikuwa anafagia akirudi nyuma. Hilo ndilo lililonisimamisha asubuhi ile Lushoto, kwenye uwanja wa nyumba moja ya kizamani, ukungu ukiwa bado umelalia mikaratusi. Mzee aliinama, ufagio wa chelewa uliopandishwa kutoka Tanga mkononi, akachora nusu duara juu ya udongo mwekundu, akapiga hatua moja nyuma, akachora nyingine. Kila unyayo wake aliufuta mwenyewe. Alipofika langoni, uwanja mzima ulikuwa mawimbi matupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pitia huku pembeni."

Nikapitia pembeni. Mzee akisema hivyo, huulizi sababu.

Nilimkumbuka rafiki yangu aliyewahi kurudi kutoka Japani na picha za bustani ya hekalu la Ryoan-ji, mjini Kyoto. Ni mawe 15 tu juu ya changarawe nyeupe, yamepangwa kwa namna ambayo popote utakapoketi barazani, jiwe moja litajificha usilione. Watu husafiri kutoka mbali ili wakae kimya mbele yake. Rafiki yangu alinionyesha mistari iliyovutwa kwa reki kwenye changarawe ile, akanieleza kwa sauti ya chini kama yuko msibani. Mimi nikacheka, wala si kwa dharau. Nilikuwa nimeuona uwanja wa bibi.

Bibi aliishi upande wa Soni, nyumba yake imezungukwa na migomba, mpaka wa shamba ukishikwa na masale. Jua lilipochomoza lilimkuta amekwisha nyunyiza maji kwa vidole ili vumbi litulie, ndipo ashike ufagio. Hakutumia nguvu. Ulipogusa ardhi ulitoa sauti ya mama anayembembeleza mtoto: shhh, shhh. Majani makavu yaliyokusanywa yalirudi shinani mwa migomba, majivu yalikwenda kwenye mboga. Jiwe la kukalia wageni halikusogezwa. Ufagio ulilizunguka kama maji ya mto yanavyozunguka mwamba. Na giza likishaingia ufagio haukuguswa tena, maana anayefagia usiku hutoa baraka nje pamoja na taka.

Kwa miaka mingi nilidhani bibi anapenda usafi tu. Siku moja tuliporudi kutoka shambani, alisimama mwanzo wa uwanja, mzigo wa kuni bado kichwani, akausoma kama mtu asomavyo barua. Hapa kapita mbuzi wa jirani. Hapa nyoka kakatiza kuelekea kwenye kuni, tuangalie. Na hapa kasimama mtu mwenye kandambili iliyokatika kisigino, kasimama kitambo, kisha kageuka bila kupiga hodi. Bibi alizijua kandambili zile. Jioni alinituma na kibaba cha unga nyumba ya tatu kutoka kwetu, niseme tu kwamba bibi anawasalimu. Mama wa nyumba ile aliupokea unga kwa mikono miwili, hakuniuliza kitu.

Wasambaa, wenyeji wa milima hii ya Usambara, wana neno kwa utunzaji wa namna hiyo: kuzifya shi, kuiponya nchi. Zamani lilikuwa neno la machifu wa Kikilindi, waliotawala kutoka Vugha, waliotarajiwa kuleta mvua na shibe. Lakini nchi haikai imepona kwa neno la chifu peke yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakakataa, hadi mpango wenyewe ukaachwa katika miaka ya 1950. Udongo ulikuwa unaondoka kweli, lakini amri haina mkono wa kurudi kila asubuhi.

Ukitaka kuona bustani inavyokuwa mkono ukilegea, shuka Mombo, zunguka hadi Muheza, upande Usambara ya mashariki ufike Amani. Jina tu linamvuta mchovu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti ya mabara mengi. Vivuli vyake hadi leo vinatuliza moyo. Lakini mmoja wa miti iliyoletwa, Maesopsis eminii, haukukaa ulipopandwa. Hondohondo walikula matunda yake, wakapeleka mbegu msituni, na mgeni akajitandikia kitanda. Wakati huohuo Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890, linamwagiliwa kwenye madirisha ya ughaibuni. Huku kwao limejibana kwenye miamba yenye unyevu, likiomba mti wa kulitilia kivuli usikatwe.

Siku hizi tunazitaka bustani kuliko zamani. Tunazipiga picha, tunazilipia kiingilio, tunasema tunakwenda kupumzisha akili. Tusichokitaka ni mtu wa kuziamkia.

Mwaka huu nimerudi Lushoto. Uwanja ule wa mzee umetandikwa vitofali vya sementi hadi langoni. Masale yameng'olewa, umejengwa ukuta, na pembeni kuna kipande cha nyasi za plastiki na spika inayoimba tangu asubuhi. Nilimuuliza kijana wa getini habari za mzee. Amesharudi kwao Mlalo, akasema, hapa hakuna tena cha kufagia. Kisha, kwa fahari isiyo na ubaya, akaongeza kwamba sasa hakuna vumbi wala matope.

Mvua ilipita mchana. Maji ambayo udongo ule ulikuwa ukiyanywa polepole yalikimbia juu ya vitofali, yakauruka mtaro, yakateremkia mahindi ya jirani wa chini. Nusu saa baadaye jua lilikuwa limekausha kila kitu.

Wakati wa kuondoka nilikata katikati ya uwanja, na hakuna aliyeniambia nipitie pembeni. Langoni niligeuka kutazama nilikopita. Palikuwa safi, pamenyooka, na hapakuwa na alama hata moja kwamba kuna mtu alikuja, akasimama kitambo, akaondoka na shida yake.