Istilahi Hupimwa Siku ya Hitilafu: Mfano wa Modemu

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuhakiki istilahi za Kiswahili za kompyuta, si kwa kuzitazama kamusini, bali kwa kuzipeleka kazini. Mfano wetu ni modemu, chombo kilichounganisha kompyuta za nyumbani na intaneti kwa kupiga simu. Huku Ndosho, Goma, wengi wetu tulikijua kwa sura yake ya baadaye: kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta na kutumia kadi ya simu ya mkononi. Hakina waya wa simu, lakini bado "hupiga" namba, aghalabu *99#.

Tuanze na jina. Katika Kiingereza, neno hilo ni zao la uhulutishaji: vipande vya maneno mawili, moja likitaja kugeuza tarakimu kuwa mawimbi, jingine kuyarejesha mawimbi kuwa tarakimu. Kiswahili kilililipokea kwa utohozi. Tarakilishi, kwa upande wake, ni uhulutishaji wa Kiswahili chenyewe, na wapo wanaoliona bora kwa sababu ya asili yake. Hatukubaliani na kigezo hicho kikitumiwa peke yake. Msomaji wa Goma, aliyefundishwa kwa Kifaransa, hapati maana ya tarakilishi kwa kulikatakata; hulikariri kama anavyokariri modemu.

Kigezo tunachopendekeza ni hiki: je, istilahi inamwongoza mtumiaji chombo kinapogoma? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ulithibitisha kwamba lugha yetu inazimudu menyu na amri. Lakini menyu husomwa kwa utulivu. Ujumbe wa hitilafu husomwa kwa wasiwasi.

Modemu zinazofuata amri za Hayes, zilizoanza mwaka 1981, hutoa taarifa fupi: laini haina mlio, namba inatumika, na ya tatu ambayo, kwa tafsiri sisisi, ni "hakuna mchukuzi". Mjini Goma, penye chukudu kila barabara, mchukuzi ni mtu wa mizigo. Maana iliyokusudiwa ni kwamba wimbi la kubebea data halikupatikana, au limepotea.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumwandikia jirani yake, mwanafunzi, maelekezo yenye tafsiri hiyo. Jirani alielewa kwamba modemu imekufa, akanunua nyingine kwa fedha alizoweka kwa ajili ya ada. Nayo ikaandika yaleyale. Kosa halikuwa la kifaa: mawimbi yalikuwa hafifu ndani ya nyumba, na modemu ya kwanza iliposogezwa dirishani iliunganisha. Laiti tungaliandika "mawasiliano hayakupatikana au yamekatika, chunguza mawimbi, kisha piga tena", ada ingalisalimika.

Kwa hiyo, utohozi wa jina la chombo haukumdhuru mtu. Kilichodhuru ni tafsiri ya Kiswahili fasaha isiyo na dhana. Tunawashauri waunda istilahi wasiishie kwenye orodha za nomino. Waandike sentensi nzima za hitilafu, wazipeleke kwa mtumiaji asiyejua Kiingereza, kisha watazame mkono wake unagusa nini kwanza.