Picha Hii Imepigwa Kutoka Wapi?

Wanafunzi wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi kwa kuchunguza fani na maudhui. Katika makala haya tunapendekeza kwamba picha za mandhari ya hifadhi za taifa nazo zihakikiwe hivyo hivyo.

Tuchukue mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Kwa upande wa fani, picha zake nyingi hufanana: hupigwa alfajiri au jioni, moshi wa volkano ukiwa mwekundu, anga ikichukua nafasi kubwa, na mtu haonekani. Maudhui yanayojitokeza ni kwamba nchi hii ni tupu.

Si tupu hata kidogo. Hifadhi hiyo ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1925, na chini ya mlima upo mji wa Goma. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji; Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Vita navyo vimewahamisha wengi wa mashariki mwa Kongo, na baadhi yao wamefika Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza.

Picha hiyo ikionyeshwa katika darasa la Kiswahili mjini Lilongwe, huenda mwanafunzi akatafuta vivumishi: mrefu, mzuri, wa kutisha. Ikifika Dzaleka, mwendo usiozidi saa moja hivi kwa gari, huenda mwingine akauliza mtaa wao uko upande gani. Swali hilo ndilo uhakiki, kwa sababu linagusa kilichoachwa nje ya fremu.

Je, tumlaumu mpiga picha kwa kupenda uzuri? La hasha. Ansel Adams, Mmarekani aliyesifika kwa picha za Yosemite, aliupiga picha mlima Williamson akiwa Manzanar, kambi ambamo Wamarekani wenye asili ya Japani walifungiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndani ya picha mna mawe, mwanga na mlima, kambi haionekani. Hata hivyo, jina la picha linaeleza kuwa mlima umetazamwa kutoka Manzanar. Neno hilo moja linaibeba kambi nzima.

Kwa hiyo kasoro kubwa ya picha za hifadhi zetu imo katika maelezo yaliyo chini yake. "Uzuri wa Virunga" hayamwelezi mtazamaji lolote. Kiswahili kina viambishi vya mahali, pa-, ku- na m-, ambavyo wanafunzi huvikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hapa vina kazi: pale aliposimama mpiga picha ni wapi? Kule kunaonekana nini? Mle mnaishi nani?

Tunawaalika walimu wa Lilongwe na Dzaleka wawape wanafunzi wao picha moja na maswali hayo matatu, kisha wayalinganishe majibu.