Mwendawazimu Mbele ya Mwanasaikolojia na Mbele ya Fakihi

 

Maimamu wa Iringa na Mbeya wanaijua hali hii. Baada ya sala ya Isha kijana analetwa msikitini amefungwa kamba mikononi. Mama anasema ni jini. Mjomba anasema amerogwa. Kaka yake aliyesoma anasema ni maradhi ya akili, apelekwe hospitali. Kisha wote wanamtazama imamu.

Wageni wameandika juu ya wazimu wa nyanda hizi, na inafaa tuwasome kwa mizani yetu. Robert Edgerton, Mmarekani, alichapisha makala mwaka 1966 akilinganisha Wahehe wa Iringa, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Juu ya dalili walikaribiana: kutembea uchi, kupiga watu, kusema ovyo. Juu ya sababu walitengana. Wapokot na Wasebei walitaja mnyoo ulio ndani ya ubongo, ilhali Wahehe na Wakamba walitaja zaidi uchawi. La ajabu ni kwamba waliotaja mnyoo walikata tamaa ya kupona, na waliotaja uchawi ndio waliotumaini. Mwaka 1971 akaandika tena, safari hii juu ya mganga mmoja wa Kihehe aliyewatibu wendawazimu kwa miti shamba, na akamsifu kwa kujaribu dawa na kuangalia matokeo yake.

Kazi hii ni ya kiungwana, lakini ina pengo. Tumaini la mwenye kuamini uchawi lina bei, na anayelipa si mgonjwa. Analipa bibi kizee wa jirani anayenyooshewa kidole. Mwenye kupima imani kwa faraja inayompa mgonjwa tu hataiona dhulma hiyo. Sisi tunaamini kuwa sihiri ipo, kwani Qur'ani imeitaja. Ila kuwepo kwa kitu hakumthibitishii fulani kuwa amekitenda, na tuhuma bila ya ushahidi ni haramu.

Huko Rungwe, mkoani Mbeya, Monica Wilson aliwachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu chake cha mwaka 1957 kinaeleza khofu yao kwamba asiyefanya mila za mazishi atapata wazimu. Jambo hili linamgusa moja kwa moja Muislamu wa huko anayeacha mila hizo, kisha mtoto wake akaugua. Ukoo utasema: si tulikwambia? Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa, watu wakayaunganisha mambo mawili, naye akawakatalia, juu ya kuwa kauli yao ilimtukuza mwanawe. Mambo mawili kufuatana si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani nao wana lao. Freud aliirudisha tabia kwenye matamanio yaliyozikwa tangu utotoni, na dini akaiita njozi. Watson mwaka 1913 alitaka tabia isomwe kama mwendo tu, bila kutaja nafsi. Madaktari, hasa baada ya dawa ya klorpromazini kuanza kutumika mwaka 1952, wakaelekea zaidi kwenye ubongo. Msudani Malik Badri aliwaonya mwaka 1979 wanasaikolojia wa Kiislamu wanaomeza yote hayo bila kutafuna. Hata hivyo hakusema tuyatupe, na yeye mwenyewe alimrudia Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 322 H), ambaye alikwishagawa huzuni mara mbili: yenye sababu inayojulikana, na isiyo na sababu bali chanzo chake ni mwili.

Fakihi anaanza pengine. Haulizi kwanza nani kaleta wazimu. Anauliza kama akili ipo. Kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate fahamu. Maiz alipokiri zinaa, Mtume (s.a.w.) aliuliza kama ana wazimu. Kwa Mashafii, sala zilizompita asiye na akili hazilipwi, isipokuwa aliyejiondolea akili mwenyewe kwa kilevi (vijana wa bangi na wasikie).

Wapo watakaonijibu kwa Ibn al-Qayyim. Katika Zad al-Maad ameeleza jinsi sheikh wake alivyompiga aliyepagawa mpaka mkono ukachoka, na mgonjwa asihisi kitu. Ni kweli ameeleza. Lakini katika mlango huohuo amesema kifafa ni aina mbili, cha pepo wabaya na cha mchafuko wa mwili, na hicho cha pili ndicho wanachokizungumza matabibu. Wenye fimbo wameishika nusu ya ukurasa. Tena kisa cha sheikh si nassi. Nani kati yetu ana uhakika kuwa anayepiga kelele mbele yake hasikii maumivu?

Basi kijana wetu wa baada ya Isha afunguliwe kamba kama hakuna wa kumdhuru, asomewe Fatiha na Muawidhatayn kwa upole, na asubuhi apelekwe hospitali. Mbeya ipo ya rufaa, na Mirembe ipo Dodoma. Ama anayemchapa kwa jina la ruqya, akumbuke hadithi aliyoipokea Abu Daud: anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu ni dhamini. Mbavu ikivunjika, fidia iko juu yake, hata kama nia yake ilikuwa kumtoa jini.

Wallahu aalam.