Anayefika Mwisho

Kila asubuhi jirani yangu hapa Makurunge huketi kwenye kigoda mbele ya banda lake la kuku, humwaga kiganja kimoja cha chenga za mchele, kisha hunyamaza. Nilidhani anabania chakula, mpaka siku nilipomwamkia shikamoo nikamuuliza. "Marahaba mjukuu wangu. Hapa siwalishi, nawasoma. Usimtazame anayefika kwanza. Mtazame anayefika mwisho."

Watu wakitaja ufundi wa Bagamoyo hutaja milango ya nakshi na majahazi. Mimi nausifu ufundi wa bibi huyu, usio na patasi wala msumeno.

Ilikuwa kipupwe, kusi inavuma tangu alfajiri. Tetea wake kishingo alikuwa ametotoa vifaranga 11. Siku ya sita mmoja akabaki nyuma: mdogo, mabawa yamemshuka kama kanzu ya kuazima, anasinzia huku wenzake wanachakura. Wengi wetu tungekimbilia duka la dawa za mifugo, tukanunua dawa tusiyoijua, tukaitia kwenye maji ya kundi zima. Bibi alianza na swali: huyu ni mgonjwa, au ni mdogo wa umri tu?

Swali hilo lina maana. Yai la kuku huatamiwa siku 21, lakini tetea akiwa juu ya mayai, wenzake huja kutaga kiota kilekile. Yai lililochelewa siku mbili, likibahatika kuanguliwa, hutoa kifaranga aliyechelewa siku mbili, na mwenye kuku humwita mgonjwa bure. Ndiyo maana bibi huyapiga alama ya mkaa mayai anayomwekea kuku, na akikuta lisilo na alama hulitoa. Safari hii yote yalikuwa na alama. "Basi huyu ana jambo," akasema.

Akamweka kiganjani. Alipapasa kidari, kilikuwa kikali kama makali ya kisu. Akagusa mfuko wa chakula shingoni, mtupu. Kitovu kilikuwa kimefunga, kikavu, hakina harufu. Alipomgeuza akaona: kinyesi cheupe kimegandia manyoya ya nyuma mpaka kimeziba njia. Hakukibandua. Alilowesha kitambaa kwa maji vuguvugu, akakibandika pale, akasubiri, akakilowesha tena, mpaka kinyesi kikaachia chenyewe. Ukivuta, unaondoka na ngozi. Nilihesabu, alirudia mara saba, na kifaranga hakulia hata mara moja.

Kinyesi cheupe kinaweza kuletwa na baridi tu, na kinaweza kuwa kuhara nyeupe, ugonjwa unaoua vifaranga kundi zima. Kwa macho huwezi kuapa ni kipi. Kwa hiyo alimtenga kwenye boksi la maranda jikoni, akanawa mikono kwa sabuni ndipo akawarudia wengine. Wapo wanaoona kumtenga kiumbe dhaifu ni ukatili. Mimi naona hapo ndipo huruma yake ilipotimia, maana ilimfikia mmoja bila kuwasahau kumi.

Kisha joto, halafu maji, na chakula mwisho. Mwili uliopoa hausagi chakula. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi. Bibi hana kipimajoto, ana chupa ya maji moto iliyoviringishwa kipande cha kanga. Kifaranga akiikimbia chupa, joto limezidi; akiing'ang'ania huku analia, limepungua. Alipochangamka kidogo, akamchovya ncha ya mdomo kwenye maji yenye sukari. Jioni akamsagia kiini cha yai la kuchemsha.

Naheshimu mwarobaini na shubiri, na bibi anavyo vyote viwili uani. Lakini ugonjwa wa mdondo hauna dawa, na hilo analijua kuliko wengi. Chanjo yake, I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na hutengenezwa jirani tu hapa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Hajawahi kuruka zamu. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Mdondo ni mwewe anayebeba banda zima usiku mmoja.

Na kisu alikuwa nacho tayari. Aliniambia wazi kwamba siku ya tatu ya kutengwa asipodonoa, atamchinja amfukie shimo refu, wala hatamtupa kichakani mbwa wakaeneza maradhi. Aliyasema hayo huku anambadilishia maji ya chupa.

Siku ya tatu alidonoa. Siku ya saba, kinyesi kikiwa kimekaza na macho maangavu, bibi alingoja giza liingie, akampenyeza chini ya bawa la mama yake. Mchana tetea angemwona mgeni, akamdonoa. Asubuhi walitoka 11, na yeye hakuwa wa mwisho.

Nawe mwenye vifaranga, kesho kabla hujawamwagia chakula chote, keti kwanza uwahesabu wanavyofika.