Uta wa Waya Mmoja

Santuri iitwayo Saudades, iliyopigwa katika mji wa Ludwigsburg, Ujerumani, mwezi wa Machi 1979, si mpya. Walakini twaona yafaa kuwaandikia wasomaji wetu habari zake, kwani ndani yake chombo ambacho wengi wetu tungekiita mchezo wa wachunga mbuzi kimeketishwa katikati ya fidla za Stuttgart, wala hakikuaibika.

Mpigaji ni Naná Vasconcelos, mzaliwa wa Recife katika Brazili (1944–2016). Kazi yake kubwa ilikuwa kuitwa na wapigaji wengine awakolezee santuri zao: leo kwa ngoma, kesho kwa manyanga, kesho kutwa kwa kujipiga kifua kwa viganja. Aliwapigia Milton Nascimento, Don Cherry, Pat Metheny, na Paul Simon. Mtu wa namna hii husikiwa na wengi na kujulikana na wachache. Hapa ndiye mwenye karamu.

Chombo chenyewe huitwa berimbau, uta wa mti wenye waya mmoja na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji huugonga waya kwa kijiti, akiubana kwa jiwe au sarafu ili kugeuza sauti. Kibuyu hukisogeza tumboni na kukitenga tena, mlio ukafumbika na kufumbuka. Na mkono wenye kijiti hushika pia kikapu kidogo chenye mbegu. Asili yake ni nyuta za watu wa Angola na Kongo waliochukuliwa utumwani.

Wimbo wa kwanza wachukua karibu dakika 19. Egberto Gismonti, aliyeziandikia fidla, amezifundisha kungoja: zaingia polepole kama ukungu, na uta wapita kati yake bila haraka, hata tukasahau kwamba waya ni mmoja. Mahali pengine fidla zazidi utamu na kumfunika mwenyeji wao. Na katika “Cego Aderaldo” gitaa la Gismonti latwaa nafasi kubwa, nasi tukaulizana santuri hii ni ya nani.

Jibu li katika “Dado”, wimbo wa mwisho. Fidla zimenyamaza, uta wasema peke yake.

Tulipowasikilizisha wanafunzi wetu wimbo huo, kijana mmoja alisema babu yake anacho chombo kama hiki, kimetupwa darini. Tukamwambia akilete. Waya umeshika kutu, lakini kibuyu hakina ufa.