Dau la Mnyonge katika Picha za Kale

Katika pwani ya Mkokotoni, mkabala na kisiwa cha Tumbatu, chombo husomwa kabla hakijafika. Aliyekulia hapo hutazama foromali ilivyopandishwa na tanga lilivyojaa, akajua upepo ni upi, shehena ni nzito au nyepesi, na aliyeshika usukani ni baharia au mwanagenzi. Macho ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kuzihukumu picha zinazochorwa kwa mkono kwa kunakili michoro ya bahari ya zama za wakoloni, kazi ambazo aghalabu hununuliwa bila ya kuhakikiwa.

Kosa la mwanzo la watazamaji ni kuiona nakala kuwa ni kivuli tu, na mchoro wa kale kuwa ndio ukweli wenyewe. G. L. Sulivan, aliyeiongoza manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne katika kuyawinda majahazi ya watumwa, alichapisha kitabu chake *Dhow Chasing in Zanzibar Waters* mwaka 1873, kikiwa na picha zilizotokana na kamera na michoro yake mwenyewe. Magazeti kama *Illustrated London News* nayo yalipokea michoro kutoka mbali. Mafundi wa London wakaichora upya na kuichonga juu ya mbao ndipo ikachapwa. Fundi wa kuchonga hakulazimika kuwa amewahi kuliona jahazi. Kwa hivyo kinachoitwa asili kilikwisha kupita mikono miwili au mitatu, na mchoraji wa leo anayeutii kila mstari wake huenda anamtii mtu asiyeijua demani wala joshi. Bendera ikipeperuka upande mmoja na tanga likajaa upande mwingine, mnunuzi mgeni hatagutuka. Mvuvi wa Mkokotoni atacheka.

Hata hivyo, kosa la tanga ni jepesi kulisahihisha. Lililo zito ni mahali lilipowekwa jicho. Aghalabu bahari ya picha hizi imetazamwa kutoka sitaha ya manowari: jahazi liko mbele, linakimbia, na mwisho wake umekwisha kuamuliwa. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na picha hizi ni kama zilizochorwa ili kuuthibitisha msemo huo. Nahodha wa jahazi hana jina. Wala mtazamaji haambiwi kwamba mkataba wa mwaka 1845 baina ya Seyyid Said na Uingereza uliacha watumwa wasafirishwe baina ya bandari za milki yake ya Afrika Mashariki, hadi Seyyid Barghash alipotia saini mkataba mwengine tarehe 5 Juni 1873. Haambiwi pia kwamba wanamaji walilipwa fedha za zawadi kwa watu waliowaokoa na vyombo walivyovikamata, wala kwamba palikuwapo malalamiko ya vyombo vya biashara halali kuchomwa moto.

Lakini ipo nakala inayokimbia kosa hilo ikaangukia jengine lililo baya zaidi. Hii huifuta manowari, ikawafuta na watu, ikabakisha tanga jeupe na jua la magharibi. Picha huwa tamu ukutani na tupu moyoni. Dau lilikuwa nyonge mbele ya mzinga, ni kweli; lakini ndani ya dau alikuwamo mnyonge zaidi, aliyeuzwa na kupakiwa pamoja na shehena. Mchoraji anayelitetea jahazi kwa kumsahau mtu huyu amebadilisha tu upande wa dhuluma.

Mfano wa kutazama kwa namna nyengine upo. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultana ya Seyyid Said iliwasili New York, na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, akachorwa na Edward Mooney. Picha hiyo imo katika Jumba la Makumbusho la Peabody Essex, mjini Salem, Marekani. Hapa mtu wa chombo ana uso na ana jina. Nayo pia ina upungufu wake: mabaharia walioipandisha na kuishusha tanga la Sultana hawamo. Anayeinakili picha hii na aulize walikuwa wapi.

Wapenzi wa mashairi wanalo jibu karibu nao, nalo ni takhmisi. Sayyid Abdallah bin Nasir hakulifuta shairi linalonasibishwa na Liyongo, wala hakulirudia kama kasuku. Aliyahifadhi maneno ya kale, akayatangulizia mishororo yake mitatu katika kila ubeti, hata la zamani likasomeka upya. Mnakili wa picha aweza kufanya vivyo hivyo: aiache manowari na moshi wake, kwani ilikuwapo, alirekebishe tanga, awape sura waliomo sitahani, kisha aitazame bahari kutoka ndani ya ngama, ambako mchoraji wa kwanza hakuketi. Tena aandike chini ya kazi yake jina na mwaka wa mchoro alioufuata, ili mtazamaji ajue la kale limeishia wapi na jipya limeanzia wapi. Bila ya uaminifu huo, nyongeza hugeuka kuwa uzushi.

Mtihani wa picha kama hiyo si bei yake katika maduka ya Mji Mkongwe. Na ipelekwe Mkokotoni, iwekwe mchangani mbele ya wanaongoja kuvuka kwenda Tumbatu, nao waulize: upepo unatoka wapi, chombo ni cha nani, na waliomo ndani ni akina nani? Michoro mingi ya wakoloni haikujali kuyajibu yote matatu. Nakala itakayoyajibu itakuwa imefanya kazi ambayo asili yake haikuifanya.